MWENYE NGUVU NA APIMWE

Katika mwezi wa Mei mwaka 2025, mjini Sacramento, jimbo la California nchini Marekani, Mwafrika alitawazwa kwa mara ya kwanza kuwa Mtu Mwenye Nguvu Kuliko Wote Duniani. Jina lake ni Rayno Nel, raia wa Afrika ya Kusini, mhandisi kwa taaluma na mtu aliyewahi kucheza raga. Mwaka huo ndio aliokuwa anaingia katika mashindano hayo kwa mara yake ya kwanza. Aliyemfuata alikuwa Tom Stoltman wa Scotland, ambaye alikwisha kulitwaa taji hilo mara tatu, katika miaka ya 2021, 2022 na 2024. Baada ya siku kadhaa za kuvuta, kubeba na kuinua, tofauti kati ya bingwa mpya na bingwa wa zamani ilikuwa nusu pointi.

Habari hiyo imekwisha kuandikwa katika kurasa za michezo, na huenda kwa wasomaji wengi ilipita kama zipitavyo habari nyingine za michezo. Sisi tunairudia hapa, katika ukurasa usomwao na wanajeshi na polisi, kwa sababu nguvu ni chombo cha kazi cha askari, kama jembe lilivyo chombo cha mkulima na wavu ulivyo chombo cha mvuvi wa Tanganyika. Mwenye chombo hana budi kukijua chombo chake: kinafaa kwa kazi gani, kinapimwaje, na kinaweza kumdhuru nani kikitumiwa vibaya. Mashindano ya wenye nguvu, yakitazamwa vizuri, yanasaidia kuyajibu maswali hayo yote matatu.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1977 katika viwanja vya Universal Studios, huko huko California, yakiwa yametengenezwa kwa ajili ya televisheni. Waandaaji walitaka kulijibu swali ambalo hata watoto huulizana: kati ya mnyanyua vyuma, mcheza mieleka, mrusha tufe na mtunisha misuli, nani zaidi? Mshindi wa kwanza alikuwa Bruce Wilhelm wa Marekani, akashinda tena mwaka uliofuata. Tangu hapo taji limezunguka Marekani, Uingereza, Iceland, Finland, Sweden, Poland, Ukraine na kwingineko. Mariusz Pudzianowski wa Poland alilitwaa mara tano kati ya mwaka 2002 na mwaka 2008. Bara letu nalo lilikuwa uwanja kabla ya kuwa mshindi: mashindano yalifanyika Afrika ya Kusini mwaka 1994, Moroko mwaka 1998, Zambia mwaka 2001 na 2003, na Botswana mwaka 2016 na 2017. Kila mara wageni walikuja, wakashindana chini ya jua letu, na taji likapanda ndege pamoja nao. Mwaka 2025 ulikuwa wa kwanza kwa taji kusafiri kuja Afrika.

Kazi wanazopewa washindani hao ni za namna gani? Mshindani huvuta lori au basi lenye uzito wa tani kadhaa kwa kamba iliyofungwa mwilini. Hubeba mzigo mmoja katika kila mkono na kwenda nao mbio. Hunyanyua gogo hadi juu ya kichwa. Huinua kutoka ardhini chuma chenye uzito wa kilo mia kadhaa. Na mwishoni, kwa desturi, hukutana na mawe. Mawe hayo ni ya mviringo, hayana mahali pa kushika, kila moja ni zito kuliko lililotangulia, na yaliyo makubwa hufikia kilo 200 hivi. Mshindani huyakumbatia moja baada ya jingine na kuyapandisha juu ya vibao. Hapo ndipo mtu aonapo ukweli wa methali yetu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Awe na kifua kipana namna gani, asiyekubali kukunja magoti mbele ya jiwe hataliinua.

Kazi hizi si ngeni kwetu. Wapagazi wa bandari ya Bujumbura wamebeba magunia mgongoni tangu zamani, bila mwamuzi na bila makofi. Wavuvi huvuta nyavu na kusukuma mitumbwi yao mchangani. Vijana wa baiskeli huteremka kutoka Bugarama wakiwa wamefunga mikungu ya ndizi mpaka baiskeli yenyewe haionekani, na kurudi kwao kupanda mlima ni jambo linalojulikana na kila apitaye barabara ile. Wapiga ngoma wetu, ambao sanaa yao iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, huingia uwanjani wakiwa na ngoma nzito za magogo vichwani, nao huzipiga huku wanatembea. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba nguvu ni jambo la kujifunza kutoka ng'ambo, tutamwambia atembee asubuhi moja tu katika masoko na vilima vyetu. Kitu ambacho ng'ambo wamekifanya, na ambacho sisi hatujakifanya vya kutosha, ni kuipa nguvu mizani.

Tuitazame basi ile nusu pointi. Katika fainali huingia watu kumi. Katika kila jaribio wa kwanza hupata pointi kumi, wa pili tisa, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho apataye moja. Watu wawili wakilingana, hugawana pointi za nafasi zao. Wakilingana katika nafasi ya pili, kwa mfano, zile tisa na nane hujumlishwa, na kila mmoja akachukua nane na nusu. Hiyo ndiyo asili ya nusu. Mwisho wa yote hujumlishwa, na jumla ndiyo itoayo bingwa. Mtu hapati taji kwa kuwa na sauti kubwa, wala kwa kuwa na sura ya kutisha, wala kwa sababu mwaka jana alishinda. Kosa dogo katika jaribio lolote lingeweza kuyageuza matokeo ya Sacramento.

Na hapa ndipo tunapopenda askari wetu watazame kwa makini. Washindani wale ni miongoni mwa wenye nguvu kuliko binadamu wote walio hai. Mwamuzi anayesimama mbele yao ni mtu wa umbo la kawaida, ambaye yeyote kati yao angeweza kumweka begani na kuondoka naye. Lakini mwamuzi huyo akisema kwamba jiwe halikutulia mahali pake, basi halikutulia. Akisema muda umekwisha, mzigo hushushwa. Mtu mwenye uwezo wa kuinua kilo mia nne humtii mtu mwenye filimbi, na hapungukiwi na heshima kwa kumtii. Stoltman alipopitwa kwa nusu pointi, hesabu ilibaki kuwa hesabu. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wahenga walisema: Mwenye nguvu mpishe. Methali hiyo ina hekima yake, kwa kuwa ilitungwa kumwonya mnyonge asijitie katika hatari asiyoiweza. Lakini haikutungwa iwe hati ya mwenye nguvu. Wako watu waliojaliwa nguvu, ama ya mwili, ama ya bunduki, ama ya cheo, walioisikia methali hiyo wakadhani ni sheria iliyoandikwa kwa ajili yao: kwamba wao kazi yao ni kupita, na wengine wote kazi yao ni kupisha. Uwanja wa mashindano unafundisha jambo jingine. Unasema, mwenye nguvu na apimwe. Apimwe kwa mizani, apimwe kwa saa, apimwe mbele ya watu, na kwa kanuni aliyoikuta, wala si aliyojitungia mwenyewe.

Jambo la pili linalostahili kuangaliwa ni hili, kwamba katika mashindano hayo hakuna apigwaye. Mabingwa kumi huingia uwanjani na kumi hutoka, na hakuna aliyetolewa jino. Mpinzani wao ni uzito. Jirani yake mshindani si adui, ila ni kipimo cha juhudi yake, na mara nyingi wameonekana wakipigiana kelele za kutiana moyo hata pale ushindi wa mmoja ni hasara ya mwingine. Nguvu inayoelekezwa kwenye mzigo huacha nyuma yake mzigo uliohamishwa. Nguvu inayoelekezwa kwenye mtu huacha nyuma yake majeruhi na kisasi. Askari anajua tofauti hiyo kuliko raia yeyote, kwa sababu yeye amefundishwa zote mbili.

Polisi wetu wanaye mfano ulio karibu na kazi yao. Geoff Capes wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1949 na kufariki mwezi Oktoba mwaka 2024, alikuwa askari polisi katika wilaya ya Cambridgeshire kwa muda wa miaka kumi hivi. Alikuwa mrusha tufe aliyeiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki mara tatu, mwaka 1972, 1976 na 1980, na alishinda medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 na 1978. Baada ya kuacha kazi ya polisi alitawazwa kuwa Mtu Mwenye Nguvu Kuliko Wote Duniani mara mbili, mwaka 1983 na 1985. Basi, mtu huyu mwenye mikono ya kuvuta malori alijulikana pia kwa ufugaji wa ndege wadogo wa jamii ya kasuku, ambao mmoja wao hujaa kiganjani tu. Aliwafuga kwa ustadi hata akawa mwenye jina miongoni mwa wafugaji wa ndege hao nchini kwake. Ndege wa namna hiyo hahitaji kupigwa ili afe, akibanwa kidogo tu amekwisha. Mkono ulioinua mawe ulijua kupunguza kani mpaka kiasi cha kutomdhuru. Tunadiriki kusema kwamba huo ndio ukamilifu wa nguvu ya polisi: kuwa nayo nyingi, na kutumia ile tu inayohitajiwa na kazi iliyo mbele yake.

Hata hivyo, nguvu ina mipaka yake katika mwili wenyewe, na itakuwa ni upungufu wetu tukiyasifu mashindano haya bila kuitaja hatari yake. Katika mashindano ya kwanza kabisa ya mwaka 1977, Franco Columbu, mtunisha misuli mashuhuri mzaliwa wa Italia, aliumia vibaya mguu alipokuwa anakimbia huku amebeba jokofu mgongoni. Jón Páll Sigmarsson wa Iceland alikuwa bingwa mara nne, mwaka 1984, 1986, 1988 na 1990, naye alipendwa na watazamaji kuliko wengi waliomtangulia na waliomfuata. Mwezi Januari mwaka 1993 alianguka akiwa anainua chuma katika ukumbi wake wa mazoezi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 32. Eddie Hall wa Uingereza alipoinua kilo 500 kutoka ardhini mwaka 2016, alitokwa na damu puani na kupoteza fahamu. Hafþór Björnsson wa Iceland aliinua kilo 501 mwaka 2020, na mwaka 2025 akapita hapo. Kila kilo iongezwayo ina bei yake, na inayolipa ni mishipa na moyo wa binadamu. Yako pia madawa ya kuongeza nguvu, ambayo yameutia mchezo huu doa mahali pengi duniani. Askari aingiaye katika njia ya madawa hayo hajiibii ushindi peke yake, bali anaiibia nchi afya ya mtu iliyemgharimia kumfundisha.

Lakini hatari ya mwili wa mtu mmoja ni ndogo ikilinganishwa na hatari ya nguvu isiyopimwa inapokabidhiwa nchi. Kwa hili Afrika ya Mashariki haina haja ya kuazima mifano.

Mwaka 1972, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, alikimbia mbio za mita 400 za kuruka viunzi katika njia ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji huiogopa kwa kona zake kali. Alishinda kwa muda wa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kuzikimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Saa ilimpima, na dunia nzima ikashuhudia. Katika miaka hiyo hiyo, na katika nchi hiyo hiyo, alitawala askari mwingine aliyekuwa naye mwanamichezo. Idi Amin aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika uzito wa juu mwepesi. Ulingoni palikuwa na kengele, na mwamuzi, na mpinzani wa uzito wake. Alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, vitu hivyo vitatu vyote vilikosekana. Hapakuwa na kengele ya kumwambia raundi imekwisha, wala mwamuzi wa kumtenganisha na aliyeanguka, wala mtu wa uzito wake wa kumkabili. Mtu aliyezoea kumpiga mmoja kwa kanuni sasa aliwapiga maelfu bila kanuni.

Husimuliwa mpaka leo kwamba, vita vya Kagera vilipokuwa vinawaka, Amin alitoa wazo la kupigana ngumi na Mwalimu Nyerere ulingoni ili kumaliza ugomvi wa nchi mbili. Watu walicheka, na ni haki yao kucheka. Lakini ndani ya kichekesho hicho mna jambo la kusikitisha. Mtu huyo alikuwa bado anakumbuka kwamba kulikuwa na mahali ambapo nguvu yake iliwahi kuwa halali, naye hakujua tena namna ya kurudi huko. Kampala iliangushwa mwezi Aprili mwaka 1979, naye akakimbia. Akii-Bua naye ilimbidi kuikimbia nchi yake mwaka huo huo, akapitia maisha ya ukimbizi. Nguvu isiyopimwa haikumwacha salama hata yule aliyepimwa na kushinda.

Nasi Warundi tunao mfano wetu, nao ni mzuri. Mwaka 1996, katika mji wa Atlanta, Burundi ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Vénuste Niyongabo alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda mbio za mita 1,500. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amepata medali ya shaba ya dunia katika mbio hizo. Lakini alikuwako mwenzake, Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa miaka mingi ambaye hakuwahi kupata nafasi ya Olimpiki kwa sababu nchi yetu haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Niyongabo alimpisha Kwizera katika mita 1,500, naye mwenyewe akaingia mita 5,000, mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara chache sana. Alishinda, na medali hiyo ya dhahabu ilikuwa ya kwanza ya Olimpiki kwa taifa letu. Wahenga walisema mwenye nguvu apishwe. Mrundi huyu, akiwa na nguvu, ndiye aliyepisha, wala heshima yake haikupungua. Jambo hilo lilitendeka mwaka ambao nchi yetu ilikuwa katikati ya vita, na kwa sababu hiyo linastahili kufundishwa katika kila chuo cha askari.

Kwa kuwa hatuwezi kusema juu ya nguvu katika nchi hii na kujifanya kwamba hatuijui historia yetu. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliuonyesha kila mlima wa Burundi jinsi nguvu ya silaha inavyokuwa ikikosa mizani. Makubaliano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2004 jeshi na polisi viliundwa upya, na watu waliokuwa wakitazamana kwa mtutu wa bunduki wakavaa sare moja, wakalala kambi moja na kula chungu kimoja. Katiba ya mwaka 2005 iliweka kanuni kwamba kabila lolote lisizidi nusu katika vyombo vya ulinzi na usalama. Hiyo nayo ilikuwa mizani. Wengi wa waliounganishwa namna hiyo walikwenda pamoja Somalia kuanzia mwaka 2007, wakabeba majeruhi wao kwa pamoja. Aliyebebwa na mwenzake mgongoni chini ya risasi hahitaji kuelezwa na gazeti maana ya nguvu.

Lakini vita vina maofisa, amri na taarifa. Upo uwanja mwingine ambao askari huingia kila siku, nao hauna mwamuzi aonekanaye. Ni kizuizi cha barabarani saa za alfajiri. Yule kijana wa baiskeli tuliyemtaja anateremka na ndizi zake. Amekwisha kufanya, kabla ya jua kuchomoza, kazi ambayo wengi wetu hatungeiweza. Mbele yake yuko mtu mwenye sare na silaha. Kwa mizani ya misuli, huenda mwenye ndizi ndiye mwenye nguvu zaidi kati ya hao wawili. Kwa mizani ya bunduki, mwenye sare amekwisha kushinda kabla ya neno la kwanza. Hapo hakuna saa, hakuna filimbi, hakuna watazamaji. Iko sheria tu, na dhamiri ya askari. Akimwuliza hati zake kwa adabu, akazitazama, akampungia mkono apite, amefanya jambo gumu kuliko kuvuta lori, maana hakuna atakayempigia makofi. Akimpora mkungu mmoja, au akamwangusha na baiskeli yake ili wenzake wacheke, basi ameshindwa katika jaribio jepesi kuliko yote, naye amemfundisha raia mmoja kuiogopa sare aliyopaswa kuikimbilia.

Raia wa nchi hii hawahitaji askari dhaifu, nasi hatumwombi yeyote awe dhaifu. Mafuriko yanapoingia katika vitongoji vya Bujumbura, na udongo unapoteremka kutoka milimani, watu hutazama nani mwenye mikono ya kuinua boriti na kumtoa mtoto. Moto unapowaka sokoni, huulizwa nani anaweza kubeba mapipa ya maji. Katika mashindano ya mwaka 2006 bingwa wa dunia alikuwa Phil Pfister wa Marekani, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa zimamoto. Nguvu ya namna hiyo hupendwa na watu wote, nayo haihitaji kutisha mtu ili itambuliwe.

Kwa hiyo tunatoa mashauri machache kwa wakuu wa vyombo vyetu vya ulinzi na usalama, tukijua kwamba wao wanaijua kazi yao kuliko sisi.

Kwanza, pamoja na kandanda, mpira wa mikono na mbio za nyika, yafaa mashindano ya nguvu yapewe nafasi rasmi katika michezo ya kambi na ya vituo vya polisi. Hayahitaji vifaa vya kuagizwa kutoka nje. Gunia la mchanga lililopimwa, kamba na lori la kambi, mawe ya mto, gogo la mkalitusi, machela yenye mtu wa kubebwa: hivyo vyatosha. Jaribio la machela hasa linafaa kupewa pointi nyingi, kwa sababu ndilo litakaloulizwa siku ya hatari.

Pili, kila mzigo upimwe kwa mizani mbele ya washindani wote, na mwamuzi atoke katika kikosi kisichoshiriki. Mwenye cheo kikubwa akishindana, avue cheo chake mpakani mwa uwanja. Koplo akimshinda kapteni, iandikwe hivyo hivyo. Afisa apokeaye matokeo ya namna hiyo kwa uso mkunjufu atakuwa amewafundisha vijana wake utii wa kanuni kuliko hotuba kumi.

Tatu, washindani wagawanywe kwa uzito wa mwili, na wanawake walio katika sare wawe na mashindano yao kamili, kama ilivyo duniani, ambako wanawake nao wana taji lao la nguvu. Awepo daktari mwenye mamlaka ya kusimamisha mtu, na neno lake lisibishwe na kamanda yeyote. Kifo cha bingwa wa Iceland akiwa na miaka 32 kitukumbushe kwamba mwili hauogopi medali.

Nne, na hili ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote, raia waalikwe. Waje wapagazi wa bandari, waje vijana wa baiskeli, waje wavuvi na waashi wa Buyenzi, na washindane na askari kwa mizani ile ile. Baadhi yao watawashinda askari, na hilo si jambo la aibu. Mwananchi aliyeuona mkono wa askari ukitetemeka chini ya jiwe kama utetemekavyo wake, kisha wakapeana mikono, hatamwogopa tena bure atakapokutana naye barabarani. Na askari aliyeshindwa kwa haki na mbeba ndizi, akampongeza mbele ya watu, hatamdharau kesho yake penye kizuizi.

Tunawapongeza wote walioshindana Sacramento mwaka 2025, aliyeshinda na aliyepitwa kwa nusu. Kwa askari wetu tunasema hivi: nguvu mliyo nayo mmepewa na wananchi, ambao ndio wanaowalisha, wanaowavisha na wanaowasomesha. Aliyekopeshwa hurudisha kwa kipimo. Kubalini kupimwa, na mkishapimwa, tumieni nguvu hiyo kwa kiasi kile ambacho kazi inakidai na sheria inakiruhusu, bila kuongeza hata nusu pointi.